Swala Waliohamia kwa Mdogo Wangu

Sogeeni wanangu, wote wawili, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Babu yenu alipotugawia malisho, mimi mkubwa nilipewa upande wenye maji, mdogo wangu akapewa upande wa mawe, na swala wote walikuwa kwangu. Asubuhi nikitoka jikoni nawakuta wamejaa mpaka kwenye kamba ya nguo, naye mdogo wangu anakuja kuwatazama kama mgeni, nami nasikia raha, siwafichi. Kisha tukajenga nyumba ya wageni, tukaleta mbwa, nawe mwanangu ukaleta zile pikipiki za magurudumu manne, wageni wakawa wanawafukuza swala ili wapate picha. Hawakuondoka siku moja. Kwanza walikosa utulivu wa kula, wakiinamisha kichwa mara wanakiinua, masikio yamesimama, wakakonda. Halafu wakawa wanakuja gizani tu, wanakunywa na kutoroka. Halafu majike wakaacha kuzalia kwetu, kundi likapungua mpaka tukabaki na nyayo. Ukasema ni ukame. Ukame gani huo unaoishia kwenye uzio wa mama yenu mdogo?

Nilikwenda kwake nijionee. Nikamkuta ameketi juu ya ndoo, anachambua maharage, na swala wanakula pale karibu, wamempa mgongo kama mbuzi wa kufuga. Nikasimama, mikono kiunoni.

"Keti, dada," akaninong'oneza. "Ukisimama hivyo wanaacha kula."

Mimi! Niambiwe niketi, na swala ni wangu! Nikaketi. Kitoto kimoja kilikuwa kinanyonya, kinasukuma kiwele cha mama yake kwa kichwa, na roho ikaniuma kama mke aliyemkuta mumewe anacheka kwenye nyumba nyingine. Nikamuuliza anawapa nini.

"Siwapi kitu. Siwasumbui tu."

Tangu siku ile, kila akinisalimu nasikia ananicheka, ingawa najua hanicheki.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu wote wawili, msiiuze, na msipelekane kwa wazee kwa ajili yake. Pikipiki zitoke malishoni. Mbwa wafungwe. Wageni watazame kutoka barazani, na anayetaka mbio akimbie mwenyewe. Msimu wa kuzaa, mtu asikanyage upande wa maji, hata wewe binti yangu na kuni zako. Msidhani nimekuwa mwema kwa kuwa nakufa. Ni wivu. Nataka swala warudi, nataka mdogo wangu aamke akute kwake kweupe, achukue kitenge chake aje kwangu kuwatazama, kama zamani.

Lakini... nipeni maji kidogo. Basi, yanatosha. Lakini uzio wa mpakani uondoeni. Kule kwake hakuna maji, na vile vitoto havina miguu ya kuzunguka mbali. Wanywe kwangu, walale watakako. Msimwambie nimesema mimi, atakuja kunililia hapa, na hata kwa hilo atakuwa amenishinda. Mwambieni uzio umeoza.

Nipeni mikono. Mungu awape afya, awape watoto wasikivu kuliko nyinyi, asiwatie... asiwatie kijicho baina yenu, kinachosha, wanangu, kinachosha sana... Nendeni. Anzeni na ule uzio.