Aisa ya Marehemu Cliff

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, kando ya tangi la maji, kule kwenye bustani za kukodi ambako wastaafu wa Sheffield, Uingereza, huja kujifanya wanalima. Jembe haliguswi kabla ya chai, na chai haiishi kabla serikali haijapinduliwa mara mbili na kurudishwa madarakani. Mwenyekiti ni Profesa, aliyeendesha basi miaka thelathini na moja na kupata cheo chake kwa kusoma magazeti kwa sauti. Kushoto kwake hukaa Mvua, fundi bomba ambaye hajatabiri jua tangu azaliwe. Kulia ni Keki, anayekuja na keki kila siku, na kwa hizo keki watu humsamehe maneno yake. Ijumaa hiyo, tarehe tano Aprili, Noreen, aliyekuwa akiishi na marehemu Cliff, mwenzao wa benchi, aliwakuta wote watatu. Akakaa pembeni, akatoa barua na kalamu kwenye koti.

— Hawa watu wa Aisa, ile akiba ya Cliff, wananiuliza wafanye nini nayo, akasema. Nimeisoma barua mara nne. Nilichoelewa ni jina langu.

— Lete hapa, Profesa akasema, akavaa miwani. Aa! Kumbe mambo haya! Elfu sabini na nne!

Mvua nusura apaliwe na chai.

— Pauni? Cliff yupi? Huyu huyu aliyekuwa akishona soksi zake mwenyewe?

— Ndiyo maana alikuwa nazo, akasema Keki. Wewe unanunua soksi kila mwezi, una nini?

Noreen alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki hiyo. Cliff alikufa Novemba. Alifanya kazi kiwandani, kwenye chuma, na kwa miaka ishirini na miwili kila mwaka alitia kitu kwenye Aisa, hata ule mwaka walioishi kwa supu. Sasa ilikuwa ya Noreen kwa wasia, naye alitaka jambo moja tu. Magoti yake yalikuwa yamechoka na jiko la shule, na alitaka Julai avue aproni, fedha ya Cliff imvushe miaka mitano mpaka pensheni yake ianze. Alichoogopa ni kubomoa kwa saini moja kitu alichojenga mwenzake miaka yote hiyo.

— Sikiliza, nikuelimishe, Profesa akasema, akigeukia vibanda vya zana. Aisa si kitu, Aisa ni banda. Mtoza kodi haruhusiwi kuingia bandani. Sasa mle ndani unaweza kuweka viazi, yaani fedha taslimu, inakaa, inazaa riba kidogo. Au unaweka miche, yaani hisa za makampuni. Miche ikishika, unavuna. Baridi ikipiga, unalia. Lakini viazi au miche, kodi hakuna.

— Hapo hata mimi nimeelewa, akasema Noreen.

— Ila kuna kipimo. Kwa mwaka unaingiza elfu ishirini, mwisho. Na mwaka wa kodi unaisha leo. Nafasi usiyoitumia leo, kesho huna.

— Inakwenda wapi? akauliza Mvua.

— Inapotea.

— Haipotei, wewe! Kitu kama hicho kipotee hivi hivi? Wanaikusanya. Nafasi zetu zote sisi tusio na kitu, wanazitia kapuni, halafu saa sita usiku wanawauzia matajiri. Wewe unadhani wale wanapataje mashamba yenye farasi?

— Nani kakwambia?

— Hakuna haja ya kuambiwa. Nina macho.

Keki alikata vipande vinne, akampa Noreen kikubwa.

— Mimi naona aandikishe na paka wake, akasema. Paka elfu ishirini, yeye elfu ishirini.

— Paka hana sahihi, Keki.

— Ana unyayo! Binadamu asiyejua kuandika si anapiga dole gumba?

Noreen aliangalia kalamu yake. Alikuja kutafuta msaada, na sasa walikuwa wamefika kwenye paka.

— Lakini hii ya Cliff tayari imo bandani, akasema. Mwenye banda akifa inakuwaje?

Profesa alikohoa kama anayetafuta gia.

— Banda linabomolewa. Ndivyo ilivyo. Mtoza kodi anaingia na toroli lake.

— Na hisa zenyewe zinanyauka, Mvua akaongeza. Hazimjui mwenye mali mpya. Kuna mtu kule Rotherham, mkewe alikufa Jumatatu, hisa zikaanguka Jumanne.

— Zilianguka za watu wote siku hiyo! akasema Keki.

— Ndiyo nakwambia. Msiba ulikuwa mkubwa.

— Msimchanganye mama wa watu, akasema Profesa. Noreen, dawa ni hii. Weka alama hapa, wauze vyote. Elfu ishirini uingize leo kwenye Aisa yako, elfu ishirini kesho, mwaka mpya huo. Elfu thelathini na nne zinazobaki, samehe. Zinyeshewe. Saini, mama, muda unakwenda.

Elfu thelathini na nne. Noreen aliikumbuka ile supu. Ilimuuma, lakini barua ilikuwa na kisanduku kilichosubiri. Akaikunjua juu ya goti.

— Samahanini, sauti ikasema nyuma yao. Naomba kuazima toroli.

Alikuwa Shazia, aliyepewa shamba namba tisa wiki iliyopita, matope mpaka magotini. Hakuondoka. Macho yake yalikuwa kwenye ile barua.

— Samahani, mama, si kwamba nachungulia. Barua kama hiyo aliipata mama yangu mwaka jana. Nikuulize kitu?

— Uliza, mwanangu.

— Ndoa yenu iliandikishwa serikalini?

Benchi zima likageuka.

— Hawa? Profesa akacheka. Hawa walikuwa wamekaa tu! Cliff kasema hapa hapa miaka nenda rudi, ndoa ni karatasi, na karatasi yeye anawashia moto.

— Kwani ndoa inahusiana nini na Aisa? akauliza Keki.

— Kila kitu. Mke au mume aliyeachwa anapewa nafasi ya ziada, kubwa kama Aisa ya marehemu, juu ya elfu ishirini zake mwenyewe. Na haiishi leo, ana miaka kadhaa ya kuitumia. Baba na mama walifunga ndoa msikitini kule Bradford, wakaishi miaka arobaini, ila serikalini hawakwenda. Fedha aliipata kwa wasia. Nafasi aliikosa. Mama alilia, akasema Shazia, si kwa ajili ya kodi. Aliambiwa kwenye simu kwamba hakuwa mke.

Mvua aliacha kutafuna. Wote watatu walimtazama Noreen kwa huruma, maana jibu walikuwa nalo.

— Tuliandikisha, akasema Noreen.

— Nini?

— Miaka miwili iliyopita. Alhamisi. Alitoka hospitali na majibu yake, akaoga, akavaa suti ya mazishi, akaniambia twende mjini. Mashahidi tuliwaokota barabarani. Nikamuuliza, Cliff, miaka thelathini na minne, leo imekuwaje? Akanijibu, kuna fomu. Basi. Akaniapisha nisiwaambie ninyi, mngemcheka. Mimi nilinuna wiki nzima. Mtu anakuoa, maneno yake yote ni kuna fomu!

Alielewa sasa ni fomu gani, hii ya nafasi ya ziada anayopewa mke tu, na kwamba yule mtu asiyejua kusema neno tamu alikuwa amelisema, kwa namna yake, na yeye akanuna. Machozi yakamtoka na kicheko pamoja, na Keki akamshika mkono.

— Mshenzi yule, akasema Mvua, akivua kofia. Katuchezea miaka miwili.

— Usisaini hapo, mama, akasema Shazia. Namba yao ya simu iko juu. Wapigie.

Noreen alipiga. Profesa, kwa mara ya kwanza katika historia ya benchi lile, aliombwa anyamaze akanyamaza. Msichana wa upande wa pili alikuwa na adabu. Alimpa pole, akauliza jina, akauliza namba ya barua, kisha akauliza yeye ni nani kwa marehemu.

Noreen alisimama.

— Mke wake, akasema.