Joan Nyafwono, Aliyeahidi Wiki Mbili Mbili

Wazee wetu, wachungaji, ndugu wa Busia mliomwoa binti yetu, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Tororo, Mukuju na Malaba, familia imemwomba Sam, kaka mkubwa wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, nanyi mtamvumilia pale sauti itakapomkatikia.

Joan Nyafwono alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986, katika zahanati ya Mukuju, wilaya ya Tororo, mtoto wa tatu wa Mzee Ofumbi, mkulima wa mtama na mihogo, na Mama Loy. Alikuwa na miezi tisa vidole vyake vilipovimba kwa mara ya kwanza, na mwaka 1988 daktari akawaeleza wazazi kwamba ni sikoseli, ugonjwa uleule wa damu uliokuwa umemchukua mtoto aliyemtangulia, akawashauri wasimwekee mipango ya mbali.

Alianza shule ya msingi hapo Mukuju mwaka 1993, baba yake akimpeleka kwa baiskeli siku ambazo magoti yalikataa, na karibu kila mwaka alikosa muhula mzima kwa kulazwa, lakini alimaliza mwaka 1999 akiwa wa pili darasani. Akaendelea na sekondari mjini Tororo hadi 2005, ambako wenzake wanakumbuka kwamba hakuwa akiacha somo nusu, alichokianza asubuhi alikifunga jioni, kwa kuwa hakuwa na hakika ya kesho. Mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Makerere, na Januari 2010 akahitimu shahada ya kompyuta, siku ambayo Mama Loy alilia tangu maandamano yalipoanza hadi yalipokwisha.

Machi 2010 aliajiriwa Tororo na kampuni ya maghala na mizigo iliyokuwa na kompyuta kuu, mashine yenye ukubwa wa makabati mawili, iliyotoa hati za malori yake yote yanayopita Malaba na Busia tangu 1987, kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya zamani ya Kobol na mtu mmoja, Mzee Ekaju, ambaye yuko nasi hapa leo. Wakubwa waliamua mashine hiyo iondolewe, mpango ukaandikwa wa miaka miwili, Joan akiwa miongoni mwa vijana walioutekeleza, na Jumatatu, tarehe 1 Oktoba 2018, programu ya zamani ikazimwa yote na mpya ikawashwa yote. Siku hiyohiyo malori ya chumvi yakakataliwa, foleni ikarudi nyuma kilomita nyingi, madereva wakalala chini ya trela kwa siku kumi na moja, samaki na nyanya zikaoza, na mmoja wa madereva akafika ofisini akamwambia Joan mbele ya watu, "Nyinyi watu ya kompyuta hamna huruma." Sababu ilikuja kujulikana kuwa mstari mmoja tu uliokosekana kwenye programu mpya, ambao Ekaju aliuandika mwaka 1991, wa kusamehe uzito uliozidi wa magunia ya chumvi yaliyonyonya unyevu wakati wa mvua, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mzee yule jambo lolote. Joan alimwambia mume wake kwamba aibu ya siku zile ilimuuma kuliko mifupa.

Mashine ya zamani ikawashwa tena, na Januari 2019 Joan akasimama mbele ya wakurugenzi akaomba kazi ianze upya kwa njia inayoitwa ajaili, yaani kupanga kazi ya wiki mbili mbili tu, kuhamisha kipande kimoja kidogo, kukipeleka kwa watu wanaokitumia, kusikia wanasema nini, kukirekebisha, ndipo kushika kingine, huku ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi pembeni. Walimtaka ataje tarehe ya kumaliza, naye akawajibu, "Mwaka mzima siwezi kuahidi, wiki mbili naweza." Walidhani ni maneno ya kitaalamu. Allan Egesa, mume wake, aliposimuliwa jioni, alijua mke wake alikuwa anasema habari za mwili wake.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Njia hiyo ilitaka wote wakutane kila asubuhi kwa robo saa wakiwa wamesimama, Mzee Ekaju akakataa, akisema, "Mimi miaka sitini na sita, sitasimamishwa kama mtoto amechelewa shule," na Joan hakubishana naye, alivuta viti kwa wote, wakakaa, na kwa kweli naye magoti yalikuwa yanamshukuru. Alikaa ubavuni mwa mzee miezi mingi, wakisoma Kobol mstari kwa mstari, wakiandika kila jibu ambalo mashine ya zamani hutoa kabla ya kugusa chochote, na kila kipande kilipokuwa tayari alikipeleka Malaba kwa Jamirah, wakala wa forodha, ambaye hakuwahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Dada, hii kitu iko maridadi," alimwambia mara ya kwanza, "lakini nabonyeza mara saba na dereva anangoja." Joan alirudi Tororo akaishusha ile saba ikawa mbili. Kufikia Oktoba 2024 vipande thelathini na nne kati ya arobaini na kimoja vilikuwa vimehama, wala lori hata moja halikuwa limelala kwa sababu yao.

Aliolewa na Allan, mwalimu, mzaliwa wa hapa Busia, Jumamosi, tarehe 13 Desemba 2014, na tarehe 9 Agosti 2016 Mungu akawapa binti yao Patricia, uzazi ambao nusura uondoke na mama, madaktari wakasema basi, usirudiwe.

Katika kikao chao cha asubuhi kila mmoja alisema alichofanya jana, atakachofanya leo, na kinachomzuia, na kwa karibu miaka sita Joan kwenye swali la tatu alijibu kwamba hana kitu. Familia inalisema hili kwa uchungu, kwa maana hata sisi wa damu yake alitujibu hivyohivyo. Jumatatu, tarehe 18 Novemba 2024, ilipofika zamu yake akasema, "Mwili." Mzee Ekaju alivua miwani, akashindwa kuirudisha usoni. Baadaye alisema, "Basi kesho tutakaa kwako," na kweli walikwenda nyumbani, na alipolazwa Tororo mwezi Desemba walikaa kando ya kitanda, vipande vitatu vingine vikahama, hadi Januari 24, siku ambayo hakuweza tena kufuata maneno. Mama Loy alikuwa amemsihi aache kazi, naye akamjibu kwamba akiiacha atabaki na ugonjwa peke yake.

Joan alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mume wake na mwingine kwa mama yake, akiwa na miaka thelathini na minane. Vipande vinne havijahama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu utotoni, majirani wa Tororo waliompikia Patricia, wafanyakazi wenzake, na wewe Mzee Ekaju uliyemfundisha, na kwa namna ya pekee Jamirah, aliyekwenda kwenye foleni ya Malaba akarudi na madereva kumi na tisa kutoa damu, akiwemo yule wa mwaka 2018, ambaye Joan alimtambua, akamwomba radhi, naye akamwambia, "Mama, lala, hiyo tulisahau."

Patricia ametukataza kusema kwamba mama yake amelala, kwani anasema mama usingizi ulikuwa hauji kwa maumivu, ameomba tuseme tu kwamba sasa haumwi. Tumemsikia. Joan, binti wa Ofumbi, mke wa Egesa, sasa huumwi, pumzika kwa amani.