Mtaa Usio na Mgonjwa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, na asubuhi ile tulikuwa tunasubiri gari la kliniki huku birika la kahawa likizunguka. Jana yake alipita binti wa afya na kompyuta ya mkononi, nyumba kwa nyumba: nani anaumwa, nani anachemsha maji. Akigusa kioo tu, majibu yanafika ofisini. Mwenye haja na gari hilo kuliko sote alikuwa Redio, mzee asiyejua kunyamaza. Mjukuu wake anaharisha tangu juzi, macho yameingia ndani.

— Litakuja tu, alisema Redio. Kile kikompyuta kinatoa maksi. Mtaa wenye maksi nyingi ndio unaanza.

— Nani kakwambia? akauliza Kinyozi.

— Nimemsoma usoni yule binti. Kila nikijibu vizuri, anatabasamu.

— Basi tumefaulu, akadakia Fundi Saa. Mimi nilisema maji nachemsha mara mbili.

— Wewe? akasema Kinyozi. Hata chai unakuja kunywa kwangu!

— Ningefanyaje, ndugu yangu? Kina kamera kile. Kinaona mpaka utumbo.

— Kama kinaona utumbo, umeumbuka.

— Ndiyo maana nilivuta tumbo ndani!

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kinyozi naye akakiri kwamba choo chake, kile cha magunia, alikitaja kuwa kina vigae.

— Safi sana! alisema Redio. Saa hizi mkubwa wa dunia nzima anawaonyesha wenzake: jamani, oneni mtaa huu, hauna hata mgonjwa!

Hapo akatokea binti yake Redio, mtoto mgonjwa mgongoni, jasho linamtiririka.

— Baba, gari limetupita. Liko ng'ambo ya mfereji.

— Limetupitaje, na maksi zote zile?

— Maksi gani? Linaanza penye wagonjwa wengi. Kompyuta inasema kwetu hakuna mtoto anayeharisha, hata mmoja.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Jana mimi nilikwenda kuteka maji. Nani alijibu maswali nyumbani kwetu?

Redio akaweka kikombe chini. Fundi Saa akachungulia kikombe chake kitupu. Aibu ilinishika mpaka masikioni, maana dakika ile ile nilikuwa bado nina kicheko mdomoni.

Mzee akainuka, akampokea mjukuu, akamlaza begani na kukimbilia ng'ambo ya mfereji bila kuaga. Kandambili yake moja ilibaki chini ya benchi.