Silinda Iliyolika, Siku Mashine Zinapopumzika

Ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kubariki zana, siku ambayo karibu Coimbatore nzima hupumzisha mashine: karakana zimefungwa, kila spana imepakwa unga wa msandali na kuvishwa ua. Kwenye benchi la zege, mbele ya mkahawa wa Rukkumani, Ilango, digrii ya uhandisi mkononi na mwaka wa nne bila kazi, alikuwa amepakata silinda ya pikipiki ya mbio za vumbi kama mtoto mwenye homa. Injini yenyewe ni tu-stroki, zile za kuchanganyiwa oili kwenye petroli, na ukuta wa silinda ulikuwa umelika. Kesho ni mbio. Bosi wa timu alishasema: ikimaliza mizunguko yote, wewe ndiye fundi wangu. Ikinoki, tusijuane.

— Pitisha kucha hapo juu, anna, kaka mkubwa. Inakwama, siyo? alisema Ilango.

Mzee Ponnurangam, waliyembandika jina Kipimo kwa kupima vyuma kiwandani miaka thelathini, akapitisha kucha.

— Inakwama. Hii si duara tena, da, kijana wangu. Imekuwa yai.

— Oili za siku hizi hizo! alidakia Moshi, mwanambio mstaafu wa pikipiki, vidole vinane, maneno elfu nane. — Mimi nilitia mafuta ya nyonyo. Injini inanukia kama jiko la bibi, na hailiki!

— Yako ililipuka mara tatu.

— Ililipuka. Nimesema haikulika!

— Silinda hulika kwa pupa ya dereva, alisema Kipimo. — Angalia, imelika upande wa kushoto, wa moyo.

— Wewe ulikuwa unapima vyuma au nyota? Moshi alimkatiza. — Isugueni kwa majivu ya vifuu mpaka mjione sura!

Ilango alicheka bila furaha.

— Ikiwa kioo, oili itashika wapi? Ukuta unataka mikwaruzo myembamba inayopishana. Unachongwa upya, kingo za matundu ya hewa zinapigwa tupa ringi za pistoni zisinase, basi! Niliandika kurasa tisini juu ya msuguano, machan, rafiki zangu. Kwenye usaili wakaniuliza kama naweza kuuza bima.

Hapo akafika Mehrunisa, ambaye karakana ya baba yake ya kuchonga silinda iko mtaa wa pili. Kwao, Waislamu, leo si sikukuu, na Rukkumani alikuwa amempigia simu.

— Nasikia kuna mgonjwa.

Aliigeuzageuza silinda kwenye mwanga.

— Inapona. Jioni unaichukua. Pistoni mpya iko wapi? Sichongi kwa namba ya kwenye boksi, nachonga kwa pistoni yenyewe.

Ilango akageukia njia ya nyumbani kwao.

— Iko madhabahuni, akka, dada yangu. Amma, mama yangu, aliibeba asubuhi akaiweka mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, juu ya cheti changu. Kilichowekwa pale hakiguswi mpaka sala ya kesho.

— Mwambie kazi ni ya leo.

— Anadhani ni pikipiki ya rafiki tu. Yeye anasubiri niitwe ofisini.

— Anakuombea upate kazi?

— Kila alfajiri.

— Sasa nani amemwambia kwamba kazi yenyewe ndiyo hii?

Ilango alimwachia Mehrunisa silinda, akavaa ndala zake, akashika njia ya nyumbani polepole, kuiomba pistoni, midomo ikijaribu sentensi: Amma, kuna jambo sijakwambia.