Daktari Pyo Sun-ok, Aliyekataa Kusaini Goti la Winga

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Daktari Pyo Sun-ok. Alikuwa daktari wa klabu ya soka ya Haemaru, hapa kwetu Gunsan, kwa miaka kumi na tisa. Alifariki Jumanne iliyopita kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka sitini na mbili. Nitajaribu kuisimulia habari yake kwa utulivu. Siahidi kwamba nitaweza, maana kuna mahali inanichukiza mpaka leo.

Sun-ok alizaliwa mtaa wa Wolmyeong, binti wa fundi baiskeli. Mdogo wake, Bi. Pyo Sun-rye, anakumbuka hivi: "Dada alianza udaktari akiwa na miaka saba. Alimfunga bandeji paka wa jirani aliyekuwa akichechemea. Alimfunga vizuri sana, ila mguu ulioumia ulikuwa mwingine. Tulimtania mpaka uzeeni."

Alipofika Haemaru, kocha wa wakati huo hakumtaka. Alimwambia mbele ya watu, "Mwanamke kwenye chumba cha kubadilishia nguo? Vijana wataona aibu."

"Waache waone," Sun-ok akamjibu. "Mwenye aibu huvaa haraka. Mazoezi yataanza kwa wakati."

Wiki hiyo hiyo kipa aliteguka kidole. Sun-ok alimshika mkono akamuuliza taratibu, "Asubuhi umekula nini?" Kipa akaanza, "Supu ya machipukizi ya maharage na..." Neno "wali" alilitoa kwa ukelele. Kidole kilikuwa kimesharudi mahali pake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena mwanamke anatafuta nini pale.

Wachezaji walimwita Mama Barafu, kwa sababu kila maumivu aliyawekea barafu kwanza. Wakati wa baridi alikuja mazoezini na viazi vitamu vya kuchoma ndani ya mifuko ya koti. Mchezaji aliyelala mezani akilalamika alitiwa kiazi mdomoni, kisha kazi ikaendelea.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nifike kwenye goti.

Lilikuwa goti la kulia la Yong Tae-gwan. Tae-gwan alikuwa winga, kijana wa miaka ishirini na mbili, mwenye mbio kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Haemaru. Mama yake anauza tambi karibu na soko, na wengi wenu mmekula kwake. Msimu ule klabu moja ya ng'ambo ilimtaka. Dirisha la usajili lilikuwa limebakiza siku sita kufungwa. Goti nalo lilikuwa limevimba kama tikiti.

Sun-ok alilipiga picha. Gegedu, ule mfupa laini unaokinga goti, lilikuwa limepasuka. Narudia, kwa sababu baadaye watu walijifanya hawakujua: gegedu la goti lilikuwa limepasuka, na Sun-ok aliliandika hilo kwa mkono wake. Aliandika apasuliwe, apumzike miezi sita, asiguse mpira.

Mkurugenzi wa klabu, Bwana Ma Chang-beom, alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi nyingine, tayari imechapwa. Ilisema mchezaji ana uchovu mdogo wa misuli. Kilichokosekana ni saini ya daktari.

"Daktari, saini hapa twende tukale," Ma akasema.

"Hii inazungumzia mguu wa nani?"

"Usinifanyie mzaha. Wapimaji wa ile klabu ya ng'ambo wanakuja Alhamisi. Nimeshapata mtu wa kumchoma ganzi. Ataruka kama mbuzi."

"Na ganzi ikiisha?"

"Ikiisha atakuwa huko kwao. Si tatizo letu tena."

Si tatizo letu tena. Maneno hayo Sun-ok alimsimulia mdogo wake jioni ile ile, akiwa amesimama jikoni na koti mwilini. Bi. Sun-rye anasema dada yake alinawa mikono mara tatu, na hakuwa ameshika kitu kichafu.

Pale ofisini aliisukuma karatasi nyuma. "Mkurugenzi, mimi nilisomea kutibu watu. Ukitaka mtu wa kukusaidia kuficha nyufa, tafuta fundi wa rangi." Akatoka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la tambi. Alimkuta Tae-gwan, goti likiwa juu ya kiti. Alimweleza kila kitu, polepole, mama yake akisikia. Alimpa na nakala ya ripoti. "Hii ni yako," alimwambia. "Goti ni lako na habari zake ni zako. Wale wa ng'ambo siwezi kuwaambia bila ruhusa yako. Nipe ruhusa."

Kijana aliinamisha kichwa. "Daktari, nakuomba unyamaze. Nimeingojea nafasi hii tangu nikiwa mtoto. Nikisema naumwa, hawatarudi tena."

"Ukienda na goti hili, utacheza mechi chache sana."

"Basi nitacheza hizo."

Mama yake alimwekea daktari bakuli la tambi. Sun-ok hakumgombeza kijana. Alimwambia tu, "Ukibadili mawazo, piga simu, hata ukiwa uwanjani." Kisha akaondoka. Mama Yong aliniambia kwamba siku ile daktari hakuigusa tambi aliyomwekea, naye alikuwa mtu asiyeacha chakula.

Alhamisi Tae-gwan alichomwa ganzi na daktari wa kukodi, aliyesaini kila alichoambiwa. Wapimaji wakafika, kijana akakimbia, akaruka, akachuchumaa. Akauzwa. Ijumaa Sun-ok alifukuzwa kazi. Barua ilisema utovu wa nidhamu. Miaka kumi na tisa, na walimpa nusu saa ya kukusanya vitu vyake, mlinzi akiwa amesimama mlangoni.

Tae-gwan alicheza mechi tatu. Katika ya nne aligeuka kufuata mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka. Alipasuliwa mara mbili. Hakucheza tena. Alirudi Gunsan na fimbo, akiwa na miaka ishirini na tatu.

Hapa ndipo panaponitia kinyaa. Klabu ya ng'ambo ilidai maelezo. Bwana Ma akasimama mbele ya waandishi wa habari, tai imenyooka, akasema klabu haikujua lolote. Alisema daktari wa wakati huo, Pyo Sun-ok, alizembea na ndiyo maana walimwondoa. Alisema anaumia moyoni. Alitoa hata kitambaa akajipangusa macho. Waandishi wakaandika. Nasi kwenye redio hii, wasikilizaji wapendwa, tulisoma habari hiyo kama tulivyoletewa. Hatukumpigia Sun-ok simu hata mara moja. Kosa hilo nalo ni letu.

Sun-ok angeweza kujitetea kwa sentensi moja. Hakujitetea, maana siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa. Alifungua kizahanati kidogo juu ya duka la rangi, akawakanda wazee migongo. Sokoni walikuwapo waliomgeuzia uso. Mmoja alimuuliza, "Daktari, bado unavunja vijana?" Yeye akaendelea kuchagua figili.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha Tae-gwan alipanda ngazi za kizahanati kile, akasimama mlangoni.

"Nilinyamaza," alisema. "Nilikuona unatukanwa, nikanyamaza."

"Panda mezani," Sun-ok akamwambia. "Kunja suruali. Tangu lini unakanyaga upande?"

Alimtibu goti mwaka mzima. Tae-gwan anasema daktari hakumkumbusha habari ile hata siku moja, na kwake hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Hatimaye aliichukua nakala ya ripoti, akaipeleka mwenyewe kwa kamati ya nidhamu ya ligi. Kamati ilimsafisha Sun-ok kwa aya moja. Bwana Ma alipewa onyo, na msimu uliofuata akapandishwa kuwa mwenyekiti wa klabu. Mmesikia sawasawa. Alipandishwa.

Sun-ok alipoletewa habari hiyo tayari alikuwa kitandani. Aliuliza tu, "Na daktari wao wa sasa ni nani? Ni kijana mdogo? Mwambieni aje anione." Daktari huyo alikwenda. Walizungumza kwa muda wa saa mbili, na alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

Juzi kwenye ukumbi wa maziko lilifika shada kubwa la maua, refu kupita mlango. Utepe wake ulisema: Kwa daktari wetu mpendwa, kutoka familia ya Haemaru. Tae-gwan aliusoma mara mbili. Akaweka fimbo ukutani, akalikumbatia shada lile, akashuka nalo ngazi moja baada ya nyingine huku goti likimtetemeka. Alikataa kusaidiwa. Alilisimamisha kando ya mapipa ya taka, utepe ukiangalia barabara.

Kisha Bwana Ma akaja mwenyewe, suti nyeusi, wapiga picha wawili nyuma yake. Aliinama mbele ya picha ya marehemu. Akaenda kwenye chumba cha chakula, akavua viatu, akaketi kama wageni wengine kungoja bakuli lake la supu ya msibani.

Bi. Sun-rye alikuwa amesimama na upawa mkononi, kando ya sufuria iliyojaa, mvuke ukipanda.

"Supu imekwisha," alimwambia.

Watu wote walikuwa wakila. Ma aliitazama sufuria, akamtazama Bi. Sun-rye, akatafuta viatu vyake.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bi. Pyo Sun-rye na jamaa wote wa Wolmyeong. Tunampa pole Mama Yong na mwanawe. Tunakuomba radhi, Daktari Sun-ok, kwa yale tuliyoyasoma hapa bila kukuuliza. Nanyi mnaokwenda uwanjani Jumamosi hii, mtakapomwona mchezaji anainuka upesi baada ya kuumia, msikimbilie kushangilia. Ulizeni kwanza amechomwa nini, na nani amesaini.