Nguzo ya Kati

Hospitali ile ilikatwa vipande viwili na barabara. Upande huu wodi, upande ule vipimo na upasuaji, na katikati magari yanayopiga honi kana kwamba mgonjwa ndiye aliyeyachelewesha. Kando ya barabara, upande wa wodi, palikuwa na kipande cha ardhi wazi chenye benchi refu la mbao lililopauka, na mbele ya benchi jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa. Hapo ndipo kijiweni. Wenyewe walikuwa watatu: Hakimu, dalali wa nyumba, aliyeitwa hivyo kwa kupenda kuhukumu kesi ambazo hakupelekewa, Profesa, muuza miwani ya kusomea, ambaye shule aliiacha mapema ila ubishi wa darasani akaondoka nao, na Breki, dereva wa malori aliyestaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Asubuhi hiyo palikuwa na wa nne, binti wa kaka yake Hakimu, mwanafunzi wa usanifu majengo. Kijiwe kilimpa jina la Rula. Alikuwa amelikumbatia bomba la plastiki la kubebea michoro kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu, na kahawa yake ilikuwa inapoa.

Habari zilikuwa zimeshaenea. Chuo kiliwashindanisha wanafunzi wachore daraja la kuwavusha wagonjwa kutoka jengo moja hadi jingine, juu kwa juu, bila kukanyaga barabara. Mchoro wa Rula ukashinda. Tena si ushindi wa kupigiwa makofi na kurudi nyumbani. Hospitali ilisema italijenga, na leo mpimaji anakuja kupigilia vigingi. Kijiwe kizima kilikuwa kinanyoosha shingo. Ila kuna jambo kijiwe hakikulijua, na hilo ndilo lililomnyima Rula usingizi. Daraja lilihitaji nguzo ya kati, na nguzo hiyo ingesimama papo hapo walipoketi.

Alikuwa amekuja kuwaambia. Kila akifungua mdomo, mtu alikuwa ameshautangulia.

– Mwanangu, kunywa kahawa hiyo, alisema Hakimu. Mtu akishinda hakai kama mfiwa.

– Nakunywa, baba mdogo. Lakini kabla mpimaji hajafika, nilitaka…

– Subiri kwanza, alidakia Profesa. Mimi nina swali la kitaalamu. Hilo daraja litafungwa kwa kitu gani? Maana wahenga walisema kamba hukatikia pabovu.

– Si la kamba, mjomba. Ni boriti za chuma na zege.

– Zege nalo hukatikia pabovu!

– Wewe Profesa umechemka, alisema Hakimu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na zege ni hivyo hivyo. Likimwagiliwa vizuri utotoni, halina tabia mbaya ukubwani.

Mama Birika alicheka mpaka birika likatikisika mkononi. Rula naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno. Alitupa jicho barabarani. Gari lolote jeupe lilipopunguza mwendo, alidhani ni la mpimaji.

– Mimi nasema hivi, alisema Profesa, akivua miwani ambayo ilikuwa bado na kikaratasi cha bei. Majengo hutembea. Msicheke! Jua likiwaka yanavimba, baridi ikija yananywea. Ndiyo maana mlango wa chumbani kwangu hubana msimu wa mvua. Sasa haya mawili kila moja linatembea kwa starehe zake. Ukiyaunganisha kwa daraja, umeyafungisha ndoa.

– Na ndoa ina ubaya gani? aliuliza Mama Birika.

– Ubaya hauko kwenye ndoa, uko kwenye talaka. Siku yakigombana, ninyi mko chini hapa mnakunywa kahawa.

– Tumeacha nafasi, alisema Rula haraka. Upande mmoja daraja halikushikizwa. Limeachwa liteleze kidogo, ili jengo likivimba lisilisukume.

– Mnaona? Hata yeye anakiri kwamba yanatembea!

Hakimu aliinua mkono, kama afanyavyo anapotaka kusoma hukumu.

– Hatari kubwa si hiyo. Hatari ni magonjwa. Hivi sasa ugonjwa wa wodini unabaki wodini. Kwa nini? Kwa sababu unaogopa magari. Ukiujengea daraja, utavuka wenyewe, hauhitaji hata kusukumwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

– Akivunjika hapa si vibaya, alisema Profesa, hospitali iko jirani.

Wakacheka wote isipokuwa Breki. Breki alikuwa anatazama ng'ambo, kwenye mlango wa jengo la vipimo. Rula alijua kwa nini. Mke wa Breki alikuwa amelazwa tena, na asubuhi hiyo alikuwa amevushwa kwenda kupigwa picha. Mvua za mwanzo wa mwaka zilipokuwa zinanyesha, Rula mwenyewe alimwona mama yule akisimamishwa katikati ya barabara kwenye kitanda cha magurudumu, lori mbele, lori nyuma, nesi akimfunika uso kwa mwavuli na miguu ikilowana. Breki alikuwa amesimama mbele ya lori mikono ameitanua, akimtukana dereva mwenzake. Siku ile ndiyo Rula aliyoanza kuchora.

Kwa muda mrefu ilikuwa ni kuchora tu. Nguzo kwenye karatasi ni duara dogo, haimsukumi mtu. Alijaribu kuiondoa, boriti ikawa nene mno, malori yasingepita chini. Akaisogeza upande wa pili, ikakaa juu ya bomba kubwa la maji. Alipoirudisha hapa, mhadhiri wake alitikisa kichwa kwa kuridhika na kusema pako wazi. Rula akaiacha hapo. Tangu siku hiyo alikuwa anakula haraka na kuondoka mezani, maana alikuwa anaishi kwa Hakimu, na kila jioni Hakimu alirudi akisimulia yaliyosemwa kijiweni.

– Lakini yote kheri, alisema Hakimu sasa, akimpigapiga mgongoni. Likishajengwa tutapata kivuli cha bure. Tutakaa hapa hapa, daraja la mtoto wetu juu ya vichwa vyetu, na kila mgonjwa akipita nitamwambia, hilo ni…

– Baba mdogo, hamtakaa hapa.

Ilitoka kwa sauti ndogo, lakini ilitoka.

– Unasemaje?

– Hamtakaa hapa. Nguzo ya kati inasimama hapa. Hapa kwenye benchi. Nilijua tangu zamani, nikashindwa kusema.

Mama Birika aliweka birika chini taratibu. Profesa alitazama chini kati ya miguu yake, kana kwamba nguzo ilikuwa imeshaanza kuchomoza.

– Hapa, alisema Hakimu. Ardhi yote hii Mungu aliyoiumba, wewe umepaona hapa.

– Nilijaribu kwingine. Hapakufaa.

– Umekula kwangu, umelala kwangu, umechorea kwenye meza yangu. Na kumbe ulikuwa unanichora nje?

Rula alikuwa ameyapanga maneno ya kujibu tangu alfajiri, lakini si ya swali hili. Alibaki kulibana bomba la michoro.

– Benchi litapelekwa mahali pengine, alisema mwishowe.

– Wapi?

– Sijui bado.

– Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Profesa, na safari hii hakuna aliyecheka, kwa kuwa methali ilikuwa imeangukia mahali pake.

Breki akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, na walimsubiri.

– Bila nguzo hii, aliuliza bila kugeuka, daraja halisimami?

– Halisimami, mzee wangu.

– Umehakikisha?

– Nimehakikisha. Na wengine wamehakikisha baada yangu. Lakini bado naogopa. Naogopa hata likisimama.

Breki alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye kutazama ng'ambo.

Gari jeupe lilisimama mbele ya jiko. Akashuka kijana mrefu, amevaa kizibao cha kung'aa, ana nyundo mkono mmoja na fungu la vigingi kwapani. Aliwasalimu kwa heshima, shikamoo kwa kila mmoja, akatazama karatasi yake, akatazama ardhi, akatazama benchi na watu waliokuwa juu yake.

– Samahani wazee wangu, alisema. Nimeambiwa nisiguse kitu cha mtu bila idhini. Hili benchi ni la nani?

Hakimu akamgeukia Mama Birika.

– Si langu, alisema Mama Birika. Nilipoleta jiko nililikuta. Nilidhani la Profesa.

– Mimi? Mimi nilidhani la Breki, ndiye anayewahi kufika.

– Nilikaribishwa, alisema Breki.

– Na nani?

Breki alifikiri. Hakukumbuka. Walitazamana, watu waliokunywa kahawa pamoja miaka yote hiyo, kila mmoja akiamini ni mgeni wa mwenzake. Mpimaji alihamisha nyundo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

– Basi nimwombe nani ruhusa?

Ng'ambo, mlango wa jengo la vipimo ulifunguka, na kitanda cha magurudumu cha mke wa Breki kikajitokeza, nesi mbele na nesi nyuma, kikasimama kwenye ukingo wa lami. Honi zikaanza. Breki aliinuka. Alipiga hatua mbili kuelekea barabarani, kisha akarudi, akainama, akakishika kichwa cha benchi kwa mikono yote miwili.

– Rula, shika huko.

Rula aliweka michoro chini, akaenda upande wa pili, akashika. Mbao ilikuwa na joto la watu. Waliinama hivyo, mzee na binti, wakisubiri, maana Hakimu na Profesa walikuwa bado wameketi.