Pikipiki ya Spana

Benchi liliegemea ukuta wa nyumba ya Mama Pacha, na kahawa ilikuwa yake. Tangu mumewe, Spana, apigwe na kiharusi miezi minane iliyopita, wenzake wa kijiweni walikuja kila asubuhi kumbeba kutoka kitandani na kumketisha mwisho wa benchi, mto mgongoni, maana upande wa kulia ulikuwa umekufa na ulimi hautoi ila "ta". Mbele yao ilisimama pikipiki aliyoinunua kuukuu, akaifufua mwenyewe pale sebuleni. Leo mteja alikuwa anakuja kuichukua, na kwa pesa zake kingenunuliwa kiti cha magurudumu. Spana hakuwa ameambiwa. Mama Pacha aliwaachia wanaume kazi hiyo, kwa kuwa ni rafiki zake. Wanaume nao waliona mambo ya ndani husemwa na mke. Na tangu jana pikipiki ilikuwa inawaka, inanguruma dakika chache, kisha inazima.

— Plagi hiyo, alisema Msumari, seremala, akiifuta kwa shati mara ya nne. Chafu kama roho ya mwenye nyumba wangu.

— Ingekuwa plagi isingewaka kabisa, alisema Kinyozi. Hii ni kabureta. Haba na haba hujaza kibaba, uchafu umejaa.

— Kabureta si tuliifungua jana?

— Na skrubu mbili zikabaki. Ziko wapi?

— Zile zilikuwa za ziada.

— Pikipiki haina ziada, ndugu yangu. Si viazi, useme umepewa nyongeza.

Profesa, aliyefeli kidato cha nne mara mbili, aliweka kikombe chini.

— Nyinyi mnatibu kikohozi, ugonjwa uko moyoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hii imezoea uzito wa Spana. Inawaka, inampima aliyeikalia, ikiona siye, inazima.

— Kwa hiyo tuipakie mawe?

— Kilo themanini na mbili. Namjua.

— Siku hizi hafiki sitini, alisema Mama Pacha, akimimina kahawa. Mimi ndimi ninayemgeuza kitandani.

Spana akagonga benchi kwa kiganja cha kushoto.

— Ta. Ta.

— Anataka kahawa, shemeji, alisema Kinyozi.

Mama Pacha akamwekea kikombe mdomoni. Spana akageuza uso.

— Basi ni haja ndogo.

— Haja ndogo hugonga mara moja, alisema Mama Pacha. Mke wake ni mimi, si wewe.

Mteja akafika: muuza maziwa, mama mrefu mwenye mabuti ya mpira. Alisalimia benchi zima, mmoja mmoja, hadi kwa Spana. Msumari akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, ikanguruma, ikazima.

— Huyu baba anaonyesha tangi, alisema muuza maziwa.

— Mafuta yamo, dada.

— Sijasema hayamo. Nasema anaonyesha.

Spana alikunja ngumi, akaizungusha kama anayefungua chupa. Mama Pacha akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyekuwa amezibwa pua. Juu ya kifuniko palikuwa na tundu dogo la kupitisha hewa ili petroli ishuke, na tundu lilikuwa limejaa vanishi.

— Msumari.

— Nilitaka ing'ae tu, shemeji.

— Vanishi ya mbao?

— Ya mbao nzuri.

Juzi, Msumari alipokuwa anapaka, Spana alikuwa ameketi hapohapo akigonga benchi. Walimpa kahawa.

Mama Pacha alichomoa pini kwenye kilemba chake, akazibua. Msumari akapiga kiki. Zikapita dakika tano, zikapita kumi, haikuzima. Spana alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, na mguu wake wa kushoto, ndani ya kandambili, ulikuwa unabonyeza ardhi: kidole, kisigino, kidole. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Pacha aliuona mguu ule, akajishughulisha na birika, na birika lilikuwa tupu.

Muuza maziwa alipangusa mikono kwenye gauni, akamwinamia Spana kwa heshima, kama mtu anavyozungumza na mwenye mali.

— Baba, mashine nzima namna hii, na unaijua namna hii. Mbona unaiuza?

Mguu ukasimama.

Spana akamtazama Msumari. Msumari akamtazama Kinyozi, Kinyozi akamtazama Profesa, na Profesa, ambaye hajawahi kukosa methali, akatazama ndani ya kikombe chake. Ndipo Spana akamgeukia mkewe, akabaki anamtazama.

Pikipiki iliendelea kunguruma, na hapakuwa na mtu aliyeinuka kwenda kuizima.